Hilux ya mjomba: asubuhi haivuti, ikifika gereji imeshapona

Mjomba wangu ako na Hilux ya zamani, injini 22R ya kabureta, cc 2,366, ile ukiiona tu unajua imebeba waru (viazi) kuliko imebeba watu. Anakaa juu ya Elburgon kidogo, analima karoti na waru, na siku za soko anatoka kwake saa 10 na nusu alfajiri ndio afike Wakulima hapa Nakuru kabla madalali hawajakubaliana bei yao. Hiyo gari ndio ofisi yake. Sasa kwa karibu miezi minane ilikuwa inamfanyia kitu kimoja kila asubuhi na hakuna fundi hata mmoja aliyekuwa anakiona.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Akiwasha, inawaka mara ya kwanza ama ya pili, inashika sailensa vizuri, inanguruma yenyewe bila kukanyagwa. Akiachilia klachi akanyage mafuta, gari inakufa moyo. Inasita kama sekunde mbili, inapiga chafya kwa kabureta, pff, halafu ndio inaamka kama mtu ameshtuliwa usingizini. Na kutoka shambani hadi lami kuna kampando ka mawe, magunia yako nyuma, kwa hivyo hapo ndio alikuwa anaaibika, mara mbili ilibidi arudi kinyumenyume mpaka chini aanze upya. Akawa amejifunza kukanyaga polepole sana kama mtu anapita juu ya mayai. Lakini akishapita Njoro anakaribia Nakuru gari iko sawa kabisa, inavuta, inaovateki, ni kama si ile ya asubuhi.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na waya zake. Wa pili akaweka filta ya mafuta na pampu mpya (22R ya kabureta iko na ile pampu ya kusukumwa na kemshafti, si ya umeme). Wa tatu akauza koili. Wa nne ndiye aliyetoa geji ya vakyumu, ile ya kupima injini inavuta hewa kwa nguvu gani, akaifunga, ikasoma 14, akasema kitabu kinataka 18 kwenda juu kwa hivyo valvu zimekwisha, hedi ishuke. Hapo ndio mjomba akanipigia simu, sauti imeshuka, akaniuliza kama namjua mtu ananunua hiyo gari.

Nikamwambia, mjomba, kabla uuze ama ushushe hedi, niachie usiku mmoja tu.

Hii ya geji wacha niimalize kwanza manake imewatoa watu wengi pesa. Zile namba za 17 mpaka 21 ambazo vitabu vinaandika, inchi za zebaki, ni za mtu ako usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua, na geji inapoteza kama inchi moja kwa kila futi 1,000. Nakuru iko mita 1,850 hivi, yaani futi 6,000 na kidogo. Kwa hivyo 14 yako hapa Nakuru ni kama 20 ya Mombasa. Injini yenye afya kabisa. Tena mshale ulikuwa umetulia, valvu ikiwa imeungua mshale unaruka ruka kwa mpigo, tik, tik, kila silinda hiyo ikifikiwa. Fundi hakuwa anadanganya, alikuwa anasoma kitabu cha watu wa pwani akiwa mlimani.

Sasa mimi si fundi wa gereji, nilisomea umeme wa magari kidogo nikaenda kufanya kazi ingine, lakini kabureta nazipenda hata kuliko vile zinastahili. Na kitu cha kwanza nilichomuuliza mjomba kilikuwa si cha gari, nilimuuliza huwa anafika kwa fundi saa ngapi. Akasema saa tatu, saa nne, akishauza. Ona sasa. Gari imetoka Elburgon, imekaa na joto masaa mawili sokoni, inafika gereji tayari imepona. Fundi anakanyaga, vruum, haoni kitu, lakini mteja amesema haivuti kwa hivyo anabadilisha kile kitu huwa kinafanya gari zingine zisivute. Mafundi wanne na hakuna aliyewahi kuiona ikiwa mgonjwa. Mjomba naye hakuwahi kufikiria kuwaambia kwamba shida ni ya baridi, alikuwa anasema tu "haina nguvu".

Kwa hivyo ikalala kwangu. Ilikuwa Julai, na mtu wa Nakuru anajua Julai saa 12 asubuhi ni nini, boneti ilikuwa na umande unaweza kuandika jina. Sikuiwasha. Nilifungua mfuniko wa filta ya hewa kwanza nikaangalia ndani ya kabureta na tochi.

Niseme kidogo nilikuwa natafuta nini, ama hutaelewa kwa nini nilipita vitu vingine haraka. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingi inakwama kwa kuta za manifoldi, zile njia za kutoka kabureta hadi kwa silinda, kama mvua kwa dirisha. Kinachofika kwa silinda ni hewa nyingi na mafuta kidogo. Ukiwa kwa sailensa unaweza kuvumilia. Lakini ukikanyaga ghafla, mlango wa hewa unafunguka, hewa inaingia mara moja kwa sababu ni nyepesi, mafuta yanachelewa, na hapo injini inapumua hewa tupu. Ndio kile kusita. Na chafya ya kurudi kwa kabureta ni dalili ya mafuta kidogo, ingekuwa yamezidi ungeona moshi mweusi nyuma na ungenusa. Mjomba hakuwa na moshi hata kidogo. Kwa hivyo swali langu lilikuwa moja tu: kwenye hii kabureta, ni vitu gani kazi yao ni kuongeza mafuta wakati wa baridi peke yake? Manake kitu kinachofanya kazi baridi na moto, kama pampu ya petroli ama koili, kingekuwa kibovu gari ingesumbua hata ikifika Nakuru, hasa hiyo pampu, ingemwacha kwa mlima ikiwa moto na mzigo.

Cha kwanza ni choki. Ya hii gari ni ya otomatiki, iko na kakoili ka chuma ndani ya kikombe cheusi pembeni na waya mmoja wa umeme unaokapasha joto injini ikishaanza kuzunguka. Nilikanyaga mafuta mara moja, kale kamlango ka juu kakafunga. Sawa. Cha pili ni pampu ya mafuta ya kukanyaga, ile ndani ya kabureta, ukivuta mkono wa akseleta unaona kamshipa ka petroli kanaruka kwa koo la kabureta. Karuka, kazito, hakakatiki. Sawa pia. Hapo karibu nichanganyikiwe, manake hiyo ya pili ndio nilikuwa nimeiwekea dau.

Nikawasha. Ikashika. Nikangoja dakika moja nikakanyaga nikiwa hapo mbele, ikasita kidogo tu. Dakika tatu hivi, nikiangalia, choki ikawa imeshafunguka karibu yote. Nikakanyaga tena, sasa ikapiga chafya yenyewe ile, hadi jirani akachungulia. Nikarudia, lakini mara hii nimeshika kamlango ka choki kwa kidole nikakarudisha karibu nusu. Ikapanda safi. Nikaachilia, ikasita. Nikashika, ikapanda. Hicho kidole ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na hakina gharama, kinakuambia bila shaka kwamba injini inalia njaa, haijashiba. (Toa mkono haraka ikianza kurudisha moto juu, na usifanye hivyo ukiwa na shati la mikono mirefu karibu na feni.)

Lakini kuna kitu kingine hapo nilikiona nikakiweka pembeni: choki imefunguka, na mshale wa temparecha haujaondoka kwa C, ile ya baridi, hata nywele moja. Dakika tano. Dakika kumi. Bado.

Nilipuliza spreyi ya kusafisha kabureta kuzunguka msingi wa kabureta na gasketi ya manifoldi, kama kuna mahali inavuta hewa ya wizi mlio ungebadilika. Haukubadilika. Nikazima, nikaanza kufuata hosi moja baada ya ingine. Mtu yeyote amefungua 22R anajua hizo hosi, ni kama matumbo ya kuku.

Na ndio nikaipata. Pembeni mwa kabureta kuna kakikombe kadogo ka diaframu, yaani kana kangozi ka mpira ndani, na kana mdomo wa hosi. Hosi ilikuwa imekatwa karibu inchi mbili kutoka hapo na ndani yake mtu amesukuma bolti ya spana namba kumi akakaza na waya. Upande ule mwingine, kwa ile valvu ya joto iliyokaa kwa maji ya injini, mdomo umezibwa na kipande cha tyubu kilichokunjwa.

Hako kakikombe Toyota wanakaita AAP, Auxiliary Acceleration Pump. Mafundi wetu wengi hawakapi jina, wanakaita tu "zile takataka za kabureta". Kazi yake ni kusaidia ile pampu kubwa injini ikiwa baridi. Vakyumu ya manifoldi inavuta diaframu, inabana springi, petroli inaingia kwa chumba chake. Ukikanyaga, vakyumu inaanguka, springi inarudisha diaframu kwa nguvu, ile petroli inarushwa kwa ile ile njia ya pampu kubwa. Kijiko kimoja cha ziada wakati ule ule hewa inaingia. Injini ikishapata joto, valvu ya joto inafunga vakyumu na AAP inalala. Kwa hivyo ukiiziba, gari ikiwa moto hutajua kamwe kama ipo ama haipo. Asubuhi ndio unajua.

Nilikasirika na aliyeziba, nikamtukana kidogo kimoyomoyo. Halafu nikatoa bolti nikaweka hosi nzima, nikanyonya kwa mdomo kidogo kuona kama diaframu inashika, na nikapata petroli kwa ulimi. Imepasuka. Na hapo nikaelewa yule fundi, popote alipo. Diaframu ikipasuka, manifoldi inanyonya petroli moja kwa moja kupitia hiyo hosi, gari inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama harusi. Yeye alitafuta petroli inapotokea, akapata, akaziba, moshi ukaisha, mteja akaenda nyumbani na furaha. Alitibu vizuri ugonjwa mmoja akaacha mwingine umelala. Mjomba akakumbuka baadaye, ehe, kuna wakati ilikuwa inavuta moshi sana, "lakini hiyo ilitengenezwa". (Msinyonye kwa mdomo kama mimi, kuna pampu za mkono za vakyumu, mimi nilikuwa na haraka na ujinga.)

Sasa ile ya mshale. AAP pekee haingeeleza kwa nini shida inadumu kutoka Elburgon hadi mbele ya Njoro. Injini ya kawaida inatakiwa ipate joto baada ya kilomita chache. Nikafungua nyumba ya thamostati, kale kamlango ka kuzuia maji yasiende redieta hadi injini ipate joto, bolti mbili tu, nikatarajia kupata thamostati iliyokwama wazi. Hakukuwa na thamostati. Kulikuwa na gasketi na upepo.

Hii tabia ya kutoa thamostati najua iko kila mahali, gari ikichemka mara moja kitu cha kwanza kutupwa ni hiyo, na watu wanasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Elburgon iko karibu mita 2,400 jamani, alfajiri ukiongea unatoa moshi kwa mdomo. Na fikiria barabara yake: akishapanda kale kampando ka kwanza hadi lami, zaidi ya hapo njia kwa jumla inateremka kuja Nakuru, injini haifanyi kazi ngumu, upepo baridi unapiga redieta, na maji yanazunguka yote tangu sekunde ya kwanza kwa sababu hakuna mlango wa kuyazuia. Itapata joto wapi? Tena choki haijui hayo. Choki ya umeme inapashwa na waya wake, dakika chache inaamua injini imepata joto ikafunguka, kumbe injini bado barafu. Kwa hivyo kati ya choki kufunguka na injini kupata joto kulikuwa na nusu saa nzima ambayo kitu pekee cha kuongeza mafuta kilikuwa ni AAP, na AAP imekabwa koo na bolti. Ukirudisha thamostati peke yake ungepunguza shida hadi dakika chache lakini asubuhi kwa kampando angeendelea kuaibika. Ukirudisha AAP peke yake ingevuta lakini injini ingeendelea kunywa mafuta na kukimbia baridi siku nzima, na baridi inachosha silinda na kuchafua oili.

Diaframu haiuzwi peke yake, inakuja ndani ya kiti ya kabureta, yaani seti ya vipuri, pamoja na gasketi, sindano na zile mpira ndogo. Duka tatu hapa mjini walinipa kiti za injini zingine wakiapa ni moja, nikalinganisha na ile ya zamani, hazikukaa. Ile sawa ilitoka Kirinyaga Road Nairobi ikaja na parseli ya matatu siku iliyofuata. Chukueni picha ya diaframu na springi yake kabla hamjaenda dukani, zinafanana sana na zinapishana milimita.

Valvu ya joto niliipima kabla niilaumu. Nilipuliza ikiwa baridi, hewa ikapita. Nikaitumbukiza upande wa chuma kwa sufuria ya maji ya moto, nikapuliza, imefunga. Nzima kabisa, muda wote huo imezibwa na ilikuwa nzima.

Thamostati nayo nilichagua ya nyuzi 82 badala ya 88 na kuna mtu alinibishia sana dukani. Sababu yangu ni hii. Ya 88 inaanza kufunguka hapo 88 lakini inafunguka yote karibu nyuzi 100, ya 82 inafunguka yote karibu 95. Na maji hapa Nakuru, kwa sufuria wazi, yanachemka karibu nyuzi 94. Ndio, mfuniko wa redieta ukiwa mzima unaongeza presha na maji hayachemki mapema hivyo, lakini hii ni gari ya miaka thelathini na kitu na mfuniko wake sikuuamini (nilibadilisha pia, ni wa bei ya chai na mandazi ya wiki moja). Kwa gari ya kupanda Mau na mzigo nilitaka nafasi kidogo. Mwenye gari ya mjini anaweza kuweka 88 akae na amani. Niliiweka na kale katundu kake kadogo ka hewa kakiangalia juu, nikajaza maji na kulanti polepole nikiminya hosi ya juu hadi mapovu yakaisha.

Kupima AAP baada ya kufunga kuna njia nzuri. Injini ikiwa baridi, washa, iache inguruma kidogo, bana hosi ya AAP na koleo, zima injini ukiwa bado umebana, halafu achilia huku unaangalia ndani ya koo la kabureta. Petroli ikiruka yenyewe bila mtu kugusa akseleta, iko hai. Iliruka. Mjomba alikuwa amekuja, akasema "hebu rudia", nikarudia, akasema tena "hebu rudia". Halafu injini ikishapata joto rudia hiyo hiyo na haitakiwi kuruka, ikiruka valvu ya joto haifungi. Haikuruka.

Asubuhi ya pili kwangu ilikanyagika bila kusita, mshale ukaanza kupanda dakika ya nne na ukatulia katikati. Lakini kwangu hakuna mlima, kwa hivyo sikumwambia imepona, nilimwambia aende akalale nayo Elburgon. Siku ya soko saa 11 alfajiri simu ikalia, nikajua ama imepanda ama imekataa. Hakusalimia hata. Akasema, "Kijana, nimefika lami na sijarudi nyuma," kisha nikasikia tu injini na karoti zikigongana nyuma.

Kuna vitu bado. Ile bomba ya kuleta hewa ya joto kutoka kwa egzosti hadi kwa filta ya hewa haiko, mtu aliitupa zamani, na ndio maana dakika ile ya kwanza kabisa injini bado inatetemeka kidogo ikikanyagwa kabla ipate pumzi. Nimepata kipande cha bomba ya kukunjika ya alumini kitakachofaa, kinangoja tu alete gari. Sailensa pia imepanda kidogo tangu tufungue kabureta, nitairudisha siku hiyo hiyo. Plagi, waya, filta, pampu na koili ni mpya zote, kwa hivyo huko sitagusa.